Abebe Bikila, Mkimbiaji wa Ethiopia

Abebe Bikila alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Jato, nchini Ethiopia. Baba yake alikuwa mchungaji wa mifugo, na Abebe naye alichunga. Kila siku alipanda na kushuka milima, kama watoto wa Bulwa wanavyopanda na kushuka kwenda shule na kuchota maji. Lakini nchi yake iko juu zaidi ya mara mbili kuliko Bulwa. Huko hewa ni nyepesi. Mtu akikulia huko, moyo na mapafu yake huzoea kufanya kazi kwa hewa kidogo.

Chakula cha watu wa huko ni injera. Ni mkate mpana kama chapati, wa unga uliochachushwa wa nafaka ndogo iitwayo tefu. Huliwa na mchuzi wa dengu au jamii nyingine ya maharage. Watu wengi hudhani kwamba mkimbiaji hodari lazima ale nyama kila siku. Sivyo. Wazee waliosikiliza redio vikundini mwaka 1975, wakati wa kampeni ya Chakula ni Uhai, wanajua habari hii: nafaka hutia nguvu, maharage hujenga mwili. Tena tefu ina madini ya chuma, ambayo damu huyahitaji ili ibebe hewa.

Abebe alipokuwa kijana alijiunga na askari walinzi wa Mfalme. Huko alifundishwa mbio na Onni Niskanen, mtu wa Sweden.

Mbio zake zilikuwa marathoni, yaani kilometa 42 na mita 195. Hapa inafaa tueleze jambo. Mwili huweka akiba ya nguvu kutokana na ugali, ndizi, mihogo na viazi. Akiba hiyo hukaa katika misuli na ini. Katika marathoni wakimbiaji wengi huishiwa akiba karibu na kilometa ya 30, na miguu huwa mizito kama magogo. Mazoezi ya muda mrefu huifanya misuli iweze kuweka akiba kubwa zaidi. Lakini mazoezi peke yake hayajazi ghala. Kinachojaza ni chakula. Anayekimbia sana bila kula vya kutosha hudhoofika, naye anayekula sana bila kufanya kazi hunenepa, moyo ukapata taabu.

Mwaka 1960 Abebe alikwenda Roma, Italia, kwenye michezo ya Olimpiki. Viatu vipya vilimbana na kumtia malengelenge. Basi akakimbia miguu mitupu! Mbio zilipokaribia mwisho, usiku, alipita karibu na nguzo ya mawe ya Aksum, ambayo Waitalia waliichukua Ethiopia mwaka 1937. Hapo ndipo alipomwacha Rhadi wa Moroko. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16. (Nguzo ile ilirudishwa Ethiopia mwaka 2005.)

Mwaka 1964 ilikuwa zamu ya Tokyo, Japani. Wiki kama tano kabla ya mbio, Abebe alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani hataweza. Alishinda tena, akimtangulia wa pili kwa zaidi ya dakika 4. Kisha, watu wakimtazama kwa mshangao, alianza kujinyoosha viungo kwenye majani ya uwanja. Hakuna mtu kabla yake aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mara mbili.

Mwaka 1968 huko Mexico aliumwa mguu, akaacha mbio njiani. Mwenzake Mamo Wolde ndiye aliyeshinda. Katika mbio hizo hizo Mtanzania John Stephen Akhwari alianguka na kuumia goti, lakini alifika mwisho, giza likiwa limeingia.

Machi 1969 Abebe alipata ajali ya gari. Miguu yake ilipooza, na hakutembea tena. Alipelekwa hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, ambako wagonjwa wa namna yake walitibiwa pia kwa michezo. Abebe akaanza kuizoeza mikono. Mwaka 1970 alishindana kulenga shabaha kwa upinde, akiwa amekaa katika kiti cha magurudumu. Mwaka uliofuata alishinda mbio za kilometa 25 huko Norway, juu ya theluji, katika sleji iliyovutwa na mbwa.

Alifariki tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41. Alizikwa Addis Ababa, na Mfalme Haile Selassie alikuwapo mazikoni.