Sidi Mubarak Bombay: Mpanga safari ambaye jiwe la Mugere halimtaji

KABEZI, Burundi. Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Rumonge inaambaa na ufuo wa Ziwa Tanganyika, na ukifika Kabezi unakuwa na maji upande wa magharibi na milima ya Mumirwa upande wa mashariki. Ziwa liko kwenye mwinuko wa mita 770 hivi. Kutoka hapo njia za udongo zinapanda kati ya migomba na mihogo hadi kwenye mgongo wa milima unaopita mita 2,000, kisha zinashika nyanda za juu za Bururi kuelekea Rutovu, penye chemchemi ya kusini kabisa ya Mto Nile.

Hiyo ni njia ambayo mpenzi wa baiskeli za milimani angeitamani, na wengi wakianza kupanga safari ya aina hiyo huanza na tairi, breki na ramani. Vitu hivyo ni muhimu. Hata hivyo, maisha ya mtu mmoja aliyepita katika ziwa hili mwaka 1858 yanaonyesha kuwa safari ndefu ya nchi ngeni husimama au kuanguka kwa mambo mengine kabisa: lugha, wenzako wa njiani na namna unavyolipa unapopita.

Kaskazini kidogo ya Kabezi, mahali paitwapo Mugere, lipo jiwe kubwa lenye majina mawili, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Watalii husimama hapo kupiga picha. Jina la Sidi Mubarak Bombay, aliyekuwa mkuu wa askari wa msafara uliomfikisha Stanley Ujiji mwaka huohuo, halimo.

Kutoka utumwani hadi Zanzibar

Alizaliwa karibu mwaka 1820 katika nchi ya Wayao, eneo ambalo leo ni mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Akiwa bado mtoto kijiji chao kilivamiwa, akakamatwa na kupelekwa Kilwa, akauzwa. Mfanyabiashara wa Kihindi alimchukua hadi Gujarat, na huko ndiko alikokulia na kujifunza Kihindustani. Bwana wake alipofariki aliachwa huru, akapanda jahazi kurudi Afrika Mashariki na kujiunga na askari wa Sultani wa Zanzibar.

Mwaka 1857 Waingereza wawili, Richard Burton na John Hanning Speke, walikuwa wakitafuta watu wa kuwapeleka bara. Speke alijua Kihindustani lakini hakujua Kiswahili. Bombay alijua vyote viwili, na hapo ndipo kazi yake ilipoanza.

Neno moja na Mto Rusizi

Msafara uliondoka pwani Juni 1857, ukafika Ujiji Februari 1858. Lengo lilikuwa kujua mito ya ziwa inaelekea wapi. Speke alivuka kwa mtumbwi hadi kisiwa cha Kasenge, ambako mfanyabiashara Mwarabu alimweleza habari za mto mkubwa wa kaskazini. Habari ilipomfikia Speke, ilikuwa kwamba mto huo unatoka ziwani. Kama ilikuwa kweli, Tanganyika lingeweza kuwa chanzo cha Nile.

Kwa habari hiyo walipanda mitumbwi, wakapita ufuo wa Urundi, wakavuka na kufika Uvira mwezi Aprili. Wenyeji wa huko waliwaambia kinyume chake: Rusizi unaingia ziwani. Ndipo Bombay alipoeleza kuwa yule mfanyabiashara naye alikuwa amekusudia kusema hivyo hivyo. Maneno yalikuwa yamepita katika lugha kadhaa, na njiani mwelekeo wa maji ukageuzwa.

Wapiga makasia walikataa kwenda mbele zaidi kwa kuhofia watu wa kaskazini, kwa hiyo mdomo wa mto haukuonekana. Ilichukua miaka 13 hadi Livingstone na Stanley walipofika na kuona kwa macho yao kuwa Rusizi unamwaga maji yake ziwani.

Funzo kwa anayepanga kupanda Mumirwa ni la wazi. Kiswahili kitakufaa Bujumbura na Rumonge, lakini ukishapanda vilima, Kirundi ndicho lugha ya kila nyumba. Swali la kama daraja lipo au limezolewa na mvua halitaki kubahatishwa. Ni afadhali kuuliza watu watatu, kwa lugha yao, kabla ya kuteremka bonde ambalo kulipanda tena ni kazi ya nusu siku.

Mzigo, malipo na njia ya pili

Bombay alirudi safarini mara nyingi. Agosti 1858 alikuwa na Speke walipoliona ziwa ambalo Speke aliliita Victoria. Kati ya 1860 na 1863 aliwaongoza Speke na Grant kupitia Karagwe na Buganda, wakaufuata Nile hadi Misri. Mwaka 1871 akawa na Stanley.

Katika misafara hiyo mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Sehemu kubwa haikuwa chakula bali fedha ya njiani: vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Kila nchi ilikuwa na shanga zake. Rangi iliyopendwa mahali pamoja ilikataliwa siku chache mbele, na msafara uliochukua rangi isiyotakiwa ungeweza kulala njaa ukiwa na mali. Juu ya hayo kulikuwa na hongo kwa kila mtawala, na kazi ya kujadiliana mara nyingi ilimwangukia Bombay.

Mwaka 1871 njia ya kawaida kutoka Tabora kwenda Ujiji ilifungwa na vita vya Mirambo. Msafara wa Stanley ulilazimika kuzunguka kusini, kupitia misitu na mabwawa. Mwendo ulikuwa mrefu na wa taabu, lakini ndio uliowafikisha. Mwendesha baiskeli naye anahitaji njia ya pili, hasa kati ya Oktoba na Mei ambapo mvua hugeuza udongo wa milima hii kuwa utelezi. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo yenye ukavu wa kutumainiwa.

Milima yenyewe Bombay hakuipanda. Misafara ya wakati wake ilipita ufuoni, kwa sababu ufalme wa Burundi chini ya Mwezi Gisabo haukuwafungulia mlango wafanyabiashara wa watumwa. Aliyetaka kupita alihitaji ridhaa ya wenye nchi. Hadi leo, kubisha hodi kwa viongozi wa kilima kabla ya kutundika hema ni sehemu ya mpango, na si jambo la kukumbuka jioni.

Mapungufu na malipo yake

Hakuwa malaika. Alipenda kinywaji, na mwaka 1873 alipoajiri watu Zanzibar kwa ajili ya Verney Lovett Cameron, wengi wao walitoroka. Cameron alimlaumu. Lakini yeye pia alipata maumivu kutoka kwa waliomwajiri: Speke alimpiga ngumi usoni mbele ya watu, na Stanley alimwadhibu kwa fimbo. Aliendelea kutembea. Pamoja na Cameron alivuka bara zima na kufika pwani ya Atlantiki, katika Angola ya leo, Novemba 1875.

Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa nishani ya fedha mwaka 1876 na pensheni. Alifariki Zanzibar mwaka 1885. Inakadiriwa kuwa alitembea kilomita zipatazo 9,600, nyingi kwa miguu, katika nchi ambazo leo zimo ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na nje yake.

Burundi iliingia katika Jumuiya hiyo mwaka 2007, Kongo ikafuata 2022, na Kiswahili kimekubaliwa kuwa lugha yake rasmi. Njia ambazo Bombay alizipita kwa hongo na shanga sasa zinapitika kwa pasipoti. Kilichobaki vilevile ni kwamba mgeni haivuki milima peke yake. Anayeonyesha njia, anayetafsiri na anayemwombea mgeni mahali pa kulala anastahili kuhesabiwa kwenye bajeti tangu siku ya kwanza, kulipwa walichopatana, na kutajwa kwa jina safari inaposimuliwa.