Heinrich Hertz, mtu aliye kwenye masafa yetu

Kila tunapotaja masafa yetu hewani tunasema megahezi. Hezi ni jina la mtu, Heinrich Hertz, aliyezaliwa Hamburg, Ujerumani, Februari 22, 1857. Tangu utotoni alipenda kazi za mikono. Alijifunza useremala na kukereza, kisha akasomea fizikia Berlin.

Mwaka 1885 akawa profesa mjini Karlsruhe. Wakati huo hesabu za James Clerk Maxwell wa Uskochi zilikuwa zimeonesha kuwa umeme unaweza kusafiri hewani kwa mawimbi, lakini hakuna aliyeyathibitisha. Mtambo wa kuyarusha haukuuzwa popote. Mwaka 1886 Hertz alizijaribu koili mbili zilizokuwa kwenye vifaa vya kufundishia vya chuo. Alipopitisha umeme katika moja, cheche ziliruka katika nyingine. Hapo ndipo alipoanzia.

Akaunda mtambo wake: nyaya mbili za shaba zilizonyooka, kila moja na mpira wa zinki wa sentimita 30 mwishoni, na katikati mwanya mdogo wa kurukia cheche. Kipokezi kilikuwa duara la waya lenye mwanya usiofika milimita moja. Alikaa gizani akivizia cheche hiyo ndogo.

Kisha akataka kujua kama mawimbi hayo yanarudi na kupinda kama mwanga. Badala ya kioo cha kujitazamia, alikunja bamba la zinki juu ya fremu ya mbao. Badala ya kipande cha kioo kinachopindisha mwanga, alijaza lami ndani ya sanduku la mbao, takriban kilo 600. Mawimbi yakapinda.

Alibadilisha mali, hakubadilisha vipimo. Duara lake alilipima hadi likaafikiana na mtambo. Fundi redio wa hapa Mkoani anaijua kanuni hiyo: kapasita iliyotolewa kwenye redio mbovu inafaa, mradi thamani yake ilingane na volti zake zisipungue. Kwenye mtambo wa kurusha, kosa halibaki mezani kwa fundi. Kapasita inayopanga masafa ikizidi thamani, masafa hushuka na kuangukia kituo cha mwenzako. Ikipungua, masafa hupanda, na juu tu ya FM, kuanzia megahezi 108, ndipo yanapoanza masafa ya ndege. Ndiyo maana hairuhusiwi kurusha matangazo bila leseni, na masafa hupangwa na TCRA.

Hertz alifariki Bonn, Januari 1, 1894, akiwa na miaka 36, kabla sauti ya mtu haijapita redioni. Muda mfupi baadaye Guglielmo Marconi wa Italia alizichukua cheche zile zile akatumia kupeleka simu bila waya. Mwaka 1930 wataalamu wa umeme wa kimataifa walikipa kipimo jina la Hertz: hezi 1 ni mtikisiko 1 kwa sekunde, na megahezi 1 ni mitikisiko milioni 1.