Aeneas Coffey: Alisaka gongo, akaibadili whisky

Isongole mpaka Tunduma, msako wa gongo hauhitaji maelezo. Sasa mcheki huyu Mwairishi.

Aeneas Coffey alikuwa ofisa wa ushuru wa pombe huko Ireland. Mwaka 1810, akiwa kwenye msako wa gongo ya kwao kaunti ya Donegal, wananchi walimvamia: fuvu likapasuka, paja likachomwa singe mara mbili. Akapona, akarudi kazini, na baadaye akawa mkaguzi mkuu.

Mwaka 1824 akaacha kazi, akageukia upande wa pili: kutengeneza pombe kali. Mwaka 1830 akapata hataza ya mtambo wa minara miwili unaofanya kazi mfululizo, si kama chungu cha shaba kinachojazwa upya kila awamu. Vigogo wa whisky Dublin wakaukataa, eti pombe yake haina ladha. Waskoti wakauchukua, wakaipita Ireland mbali.

Kumbe ladha nyingi inatoka kwenye pipa. Whisky ya mtambo huo, ya mahindi kama haya yetu ya Songwe, ikikaa kwenye mwaloni miaka 20 na kitu, unaonja ndizi mbivu, nanasi na vanila. Siku hizi Waairishi wenyewe wanaiuza bei mbaya.