Nabii Yeremia: Mungu Aokoaye kwa Kamba na Matambara

Katika Dominika ya 20 ya Mwaka C somo la kwanza hutuonyesha nabii akishushwa kwa kamba ndani ya kisima kisicho na maji, akazama matopeni. Mfalme anaombwa, anatoa ruhusa nabii aopolewe, na somo linakoma hapo. Jinsi alivyotolewa haisomwi. Mimi huona ni hasara, kwa maana aya chache zinazofuata zinatuonyesha vizuri sana namna Mungu anavyookoa. Nitazifikia. Kwanza tumfahamu mtu mwenyewe.

Yeremia, mwana wa Hilkia, alizaliwa Anatothi, kijiji cha makuhani katika nchi ya Benyamini, kilometa kama 5 kutoka Yerusalemu. Aliitwa katika mwaka wa 13 wa utawala wa mfalme Yosia, yaani mnamo mwaka 627 kabla ya Kristo. Alijitetea kwamba yu mtoto bado, hajui kusema. Mungu hakumpunguzia kazi hata kidogo. Alimweka juu ya mataifa na falme, ang'oe na kubomoa, ajenge na kupanda. Alimwahidi kwamba atakuwa pamoja naye ili amwokoe. Ahadi hiyo tuishike mkononi tunapoendelea, kwa sababu anayeyasoma maisha yaliyofuata anaweza kudhani kwamba ilisahauliwa.

Maadamu Yosia alikuwa hai, palikuwa na matumaini. Mfalme huyo mwema alilitakasa Hekalu na kuyarudisha maagano ya Bwana. Lakini mwaka 609 aliuawa Megido alipokwenda kumzuia Farao Neko, na mwanawe Yoyakimu, aliyetawala baada ya miezi michache, hakufuata njia za baba yake. Mwanzoni mwa utawala huo Yeremia alisimama uani pa Hekalu na kuwaambia waabuduo kwamba nyumba ile haitawakinga iwapo wanamwonea mgeni, yatima na mjane. Makuhani na manabii walidai afe. Aliponea kwa sababu Ahikamu mwana wa Shafani alimkingia kifua. Nabii mwingine wa wakati uleule, Uria, aliyehubiri maneno kama hayohayo, alikimbilia Misri, akarudishwa, akauawa kwa upanga. Maandiko Matakatifu yanaweka habari hizo mbili pamoja katika sura moja, bila kueleza kwa nini mmoja alipona na mwenzake akafa.

Tangu hapo mateso hayakukoma. Watu wa kijiji chake walimfanyia njama. Pashuri, kuhani msimamizi wa Hekalu, aliamuru apigwe na kufungwa katika mkatale usiku kucha. Alikatazwa kuoa, hata nyumbani hakuwa na wa kumliwaza. Yoyakimu alipoletewa gombo la maneno yake, lililoandikwa na Baruku, alikuwa ameketi mbele ya jiko la makaa katika nyumba yake ya majira ya baridi. Kila zilipokwisha kusomwa safu tatu au nne alizikata kwa kisu na kuzitupa motoni. Yeremia alimwita Baruku, wakaandika upya, na maneno mengine mengi yakaongezwa.

Nabii huyu hakuyapokea hayo yote kwa tabasamu. Katika sala zake, ambazo wafafanuzi wa Maandiko huziita maungamo ya Yeremia, anamlalamikia Mungu waziwazi kwamba alimshawishi na kumshinda nguvu, na anailaani siku aliyozaliwa. Alijaribu kunyamaza akashindwa, kwa kuwa neno lilimwunguza kama moto uliofungwa ndani ya mifupa yake. Kanisa limeziweka sala hizo katika Liturujia. Muumini anayeona haya kumweleza Mungu uchungu wake na azisome polepole.

Mwaka 597 Wababeli waliteka watu wengi wa Yerusalemu, na Sedekia akawekwa kuwa mfalme. Nabii Hanania alitangaza kwamba ndani ya miaka miwili yote yatarudishwa, akaivunja nira ya mti iliyokuwa shingoni mwa Yeremia. Watu walipenda kusikia hivyo. Yeremia aliwaandikia waliohamishwa kwamba wajenge nyumba, wapande bustani, waoze watoto wao na kuuombea amani mji wa adui, kwa kuwa utumwa utakuwa wa miaka 70. Hanania alikufa mwaka uleule. Warithi wake wangalipo, nao hawakosi wasikilizaji.

Kisha Yerusalemu ukahusuriwa. Yeremia alishauri mji usalimu amri, akahesabiwa kuwa msaliti. Alikamatwa langoni, akapigwa na kutupwa katika chumba cha chini cha nyumba ya Yonathani mwandishi. Mfalme alimwita kwa siri, akampunguzia adhabu: akawekwa katika ua wa walinzi na kupewa mkate mmoja kila siku kutoka mtaa wa waokaji. Akiwa humo kifungoni, majeshi ya Babeli yakiwa yameuzunguka mji, alinunua kwa Hanameli, mwana wa mjomba wake, shamba kule Anatothi kwa shekeli 17 za fedha. Hati ziliwekwa ndani ya chombo cha udongo zipate kudumu. Kwa hesabu za soko, alitupa fedha yake.

Wakuu hawakuridhika. Walimshusha katika kisima cha Malkiya, na Sedekia, mfalme aliyewaogopa watumishi wake mwenyewe, akawaachia. Katika jumba la mfalme alikuwamo mgeni, Ebedmeleki Mkushi, towashi, mtu wa nchi iliyo kusini mwa Misri. Makuhani walinyamaza, jamaa walinyamaza. Yeye akamwendea mfalme pale langoni mbele ya watu na kusema kwamba nabii anatendewa uovu. Alipopata ruhusa, kabla ya kwenda kisimani alipita chini ya ghala, akachukua matambara na nguo kuukuu. Aliziteremsha kwa kamba, akamwelekeza Yeremia azitie makwapani, kamba zisimkate. Ndipo wakamvuta.

Hizi ndizo aya ambazo hatuzisomi Dominika ile. Mungu aliyeigawanya bahari kwa ajili ya Musa alimtoa mtumishi wake topeni kwa mikono ya mtumwa mgeni aliyefikiria ngozi ya makwapa ya mzee aliyedhoofika kwa njaa. Nasi mapadre tukiulizwa kando ya kitanda cha mgonjwa ni wapi ulipo wokovu ulioahidiwa, tungefanya vema kutazama pia ni nani aliyeleta uji asubuhi ile. Yeremia hakutolewa kisimani ili aende huru. Alirudishwa katika ua wa walinzi, mkate ukaendelea kupungua, na mji ukaanguka. Mungu alikuwa pamoja naye hapo, kama alivyoahidi. Hakuahidi zaidi ya hapo. Ebedmeleki naye alipelekewa neno kwamba siku ya maangamizi atapewa uhai wake, kwa kuwa alimtumaini Bwana.

Yerusalemu ulitekwa mwaka 587. Sedekia alikamatwa karibu na Yeriko, wanawe wakauawa mbele ya macho yake, kisha akapofushwa. Yeremia aliruhusiwa kwenda Babeli na kutunzwa vizuri huko. Akachagua kubaki na maskini walioachwa nchini. Gedalia, liwali wao, alipouawa, watu walimwomba nabii awatafutie shauri la Mungu. Alingoja siku 10, akawaambia wasihame. Walikataa, wakamchukua pamoja nao mpaka Tahpanhesi huko Misri. Mapokeo ya kale husema kwamba walimpiga mawe huko.

Yeye ndiye aliyetabiri agano jipya litakaloandikwa mioyoni, agano ambalo padre hulitaja juu ya kikombe katika kila Misa. Shamba lake hakulilima. Lakini katika kitabu cha Ezra, kwenye orodha ya waliorudi kutoka utumwani, wametajwa watu wa Anatothi, 128.