Dakta Krapf Katika Shule ya Mateso

Watoto wengi tuliowafundisha waliweza kutujibu upesi kwamba Dakta Johann Ludwig Krapf ndiye Mzungu wa kwanza kuuona Mlima Kenya, tarehe 3 Desemba 1849. Jibu ni sahihi, na alama tuliwapa. Lakini mlima ule ni jambo dogo katika maisha yake. Leo twapenda kueleza lile ambalo vitabu vya jiografia huliacha, yaani jinsi mtu huyu alivyoondolewa kimoja baada ya kingine alichokitegemea, naye akazidi kumtumaini Mungu.

Alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na umri wa miaka 11 jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa muda wa miezi sita hivi. Alipokuwa kitandani alisoma Biblia sana, na moyo wake ukaanza kugeukia mambo ya Mungu. Baadaye alisoma katika chuo cha misioni huko Basel, Uswisi, na mwaka 1837 Chama cha C.M.S. kikampeleka Ethiopia.

Huko Ethiopia alifanya kazi miaka michache tu, kisha milango ikafungwa. Mwaka 1842 alimwoa Bibi Rosine Dietrich huko Misri, lakini hawakuruhusiwa kurudi mahali pa kazi yake. Mwaka 1843, wakiwa safarini katika nyika kavu karibu na Bahari ya Shamu, Bibi alishikwa na uchungu kabla ya wakati, akajifungua mtoto wa kike. Wakambatiza na kumwita Eneba, yaani chozi. Mtoto hakuishi. Wakamzika palepale nyikani, wakaendelea na safari.

Mwanzoni mwa mwaka 1844 walifika Unguja. Sultani Sayyid Said aliwapokea vizuri, akampa Krapf barua ya kumtambulisha kwa maliwali wa pwani. Mwezi wa Mei wakahamia Mombasa. Krapf alikuwa mtu wa mipango mikubwa. Aliota kufunga mnyororo wa vituo vya misioni tangu Mombasa hata pwani ya magharibi ya Afrika, akajitia kujifunza Kiswahili kwa bidii. Mwezi wa Juni alikuwa ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa, jambo ambalo hata leo lafaa kukumbukwa.

Hata mwezi wa Julai homa ikaingia nyumbani. Krapf mwenyewe aliugua, kisha mkewe, ambaye alikuwa ametoka tu kujifungua mtoto wa pili wa kike. Bibi Rosine alifariki tarehe 13 Julai. Mumewe alikuwa hoi kitandani karibu naye, hata ilikuwa kazi ngumu kuinuka kuhakikisha kwamba mkewe amekwisha kufa. Siku chache baadaye mtoto naye akafa. Bibi alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, ili Wamijikenda, ambao siku zile waliitwa Wanyika, wapitapo njiani walione kaburi lake na kukumbuka ni kwa nini alikuja. Ndivyo ilivyofanyika, na kaburi liko upande wa Nyali.

Wengi wetu tungalifunga mizigo. Krapf aliandika barua kwa wakuu wake Uingereza kuwaambia kwamba sasa wana kaburi katika pwani hii, na hiyo iwe kwao ishara ya kwamba kazi imeanza, wala si ya kuiacha. Akarudi kwenye tafsiri yake.

Tusidhani alikuwa malaika. Hakuwa mtu rahisi kufanya naye kazi. Johannes Rebmann, aliyemfuata mwaka 1846 na kuhamia pamoja naye Rabai, hakukubaliana naye siku zote. Rebmann alitaka kukaa mahali pamoja, Krapf alitaka kwenda mbele. Na mtu wa kwanza kubatizwa pale Rabai hakuwa mfalme wala mkuu, bali Mringe, kilema, aliyebatizwa akiwa kitandani pa mauti. Mtu aliyepanga kuvuka Afrika nzima alipewa nafsi moja maskini, tena kwa muda mfupi.

Mwaka 1851 alisafiri tena Ukambani. Karibu na mto Tana wanyang'anyi walishambulia msafara, wakamwua mwenyeji wake, Mzee Kivoi. Krapf akabaki peke yake porini. Alitembea usiku, akafika mtoni, akanywa, kisha kwa kuwa hakuwa na kibuyu akajaza maji katika mfuko wa darubini yake na ndani ya mitutu ya bunduki. Tena baadhi ya watu wa Kivoi walimlaumu kwa kifo kile, ikambidi atoroke. Aliporudi Rabai watu walikuwa wamekwisha kusikia kwamba amekufa. Mpango wa vituo Ukambani ukaishia hapo.

Mwaka 1853 ugonjwa ulimlazimisha kurudi Ujerumani. Alikuja tena mwaka 1862 kuwasaidia Wamethodisti waanze kazi Ribe, lakini mwili ulikuwa umechoka. Miaka yake ya mwisho aliishi Korntal, akishughulika na maneno ya Kiswahili aliyokuwa ameyakusanya. Rebmann naye alirudi mwaka 1875, akiwa kipofu, akaja kuishi hukohuko. Hawa wawili waliopishana kwa mawazo Rabai wakawa majirani uzeeni, hata Rebmann alipofariki mwaka 1876.

Asubuhi ya tarehe 26 Novemba 1881 Krapf alikutwa amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Walimzika Korntal, karibu na Rebmann. Kamusi yake kubwa ya Kiswahili, iliyojaa maneno ya Kimvita, ilichapwa London mwaka uliofuata, naye hakuiona.