Haldane, mvuta sumu aliyefichua siri ya damu na mwanga

MZAZI wa Homa Bay mwenye mtoto anayeugua selimundu huhimizwa kila aendapo kliniki ampe mwanawe maji kwa wingi. Si rahisi kwake kukisia kwamba njia ya kuelewa sababu ya agizo hilo ilianzia Oxford, Uingereza, zaidi ya miaka 125 iliyopita, kwa mtu aliyezoea kuvuta hewa ya sumu makusudi.

John Scott Haldane alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka wa 1860. Alifuzu udaktari huko mwaka wa 1884, kisha akamfuata mjomba wake, mwanafiziolojia John Burdon Sanderson, mjini Oxford. Hakuvutiwa na kutibu wagonjwa. Alichunguza hewa waliyopumua watu katika vyumba vya maskini, mitaro ya majitaka na migodi.

Mnamo Januari 1896, mlipuko katika mgodi wa Tylorstown, Wales, uliwaua wachimbaji 57. Haldane aliipima miili na kubaini kuwa wengi hawakuuawa na mlipuko wenyewe, bali na kaboni monoksidi, hewa ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa chumbani. Alikuwa amekwisha kuivuta yeye mwenyewe, akiandika dalili hadi miguu ilipomlegea. Alipendekeza wachimbaji washuke na panya au ndege wadogo, ambao hulemewa mapema kuliko binadamu.

Katika majaribio hayo, yeye na James Lorrain Smith waliona jambo la ajabu. Damu iliyoshika kaboni monoksidi ilibadilika rangi ilipowekwa kwenye mwanga mkali. Ilipotiwa gizani, ikarejea rangi yake ya waridi.

Siri imo katika himoglobini. Kila molekuli yake ina sehemu nne ziitwazo himu, na katikati ya kila himu mna chembe ya chuma inayoshika hewa. Kaboni monoksidi hung'ang'ania hapo mara 200 na zaidi kuliko oksijeni, lakini mwanga huibandua. Siku hizi yajulikana kwamba baadhi ya molekuli zilizobanduliwa hazitoki hata nje ya protini. Hurudi kwenye chuma kabla sehemu moja ya milioni ya sekunde haijapita. Nyingine huponyoka na kuchelewa kurudi.

Haldane alifariki mwaka wa 1936, leza ikiwa bado haijabuniwa. Mwanawe J.B.S., aliyemsaidia katika majaribio tangu utotoni, ndiye aliyedokeza mwaka wa 1949 kuwa baadhi ya kasoro za damu hudumu kwa sababu humkinga mtu dhidi ya malaria. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alithibitisha hilo kuhusu selimundu. Alipowaambukiza malaria Waluo 30 waliojitolea, 14 kati ya 15 wasio na chembe hiyo walipatwa na vimelea, ilhali kati ya 15 walio nayo ni wawili tu. (Leo jaribio la namna hiyo lingezua maswali mazito.)

Ndipo mwanga wa Haldane ukarudi. Katika miaka ya 1980, William Eaton, James Hofrichter na Frank Ferrone, wa Marekani, walijaza kaboni monoksidi katika himoglobini ya selimundu, kisha wakaibandua kwa leza. Himoglobini hiyo ikikosa hewa hujisuka nyuzi ngumu zinazoipinda seli. Lakini nyuzi hazikutokea papo hapo. Kulikuwa na muda wa kusubiri, nao ulipungua sana himoglobini iliposongamana kidogo tu.

Hivyo seli nyingi hupenya mishipa myembamba na kurejea mapafuni kuchukua oksijeni kabla hazijapinda. Seli iliyopungukiwa maji haina muda huo. Hupinda ingali mshipani, na mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Dawa ya haidroksiyurea, kwa kuongeza himoglobini ya aina ya kijusi, hurefusha muda huo huo.