Mackinnon: Tajiri wa meli aliyezamisha mtaji kwenye siasa

Msafiri anayetoka Mombasa kwenda Nairobi kwa barabara hupita mji mdogo uitwao Mackinnon Road. Wengi hupita bila kujua kuwa jina hilo ni la mfanyabiashara ambaye tabia yake iliiingiza kampuni nzima kwenye siasa, na siasa ikaimaliza.

William Mackinnon alizaliwa mwaka 1823 huko Campbeltown, Scotland. Alianza kazi katika duka la vyakula, kisha akaenda India kufanya biashara na rafiki yake. Mwaka 1856 walianzisha kampuni ya meli iliyokuja kuitwa British India. Alikuwa hodari wa kupata zabuni za serikali za kubeba barua na askari. Mwaka 1872 meli zake zilianza kuleta barua Unguja kwa mkataba.

Lakini Mackinnon alikuwa pia mcha Mungu, mwenye uchungu na sifa ya taifa lake, na mwepesi wa kuamini maneno ya wakubwa. Akaanza kuchanganya faida na dini, vita dhidi ya utumwa na siasa za Uingereza. Mwaka 1877 alisaidia kugharimia barabara ya kutoka Dar es Salaam kuelekea Ziwa Nyasa. Ilikwama mwaka 1881 bila kufika.

Hakukoma. Mwaka 1887 Sultani Barghash alimpa ruhusa ya kusimamia pwani na kukusanya ushuru, na mwaka 1888 Malkia Victoria akaipa kampuni yake mpya, IBEA, hati ya kutawala. Wenyeji hawakuulizwa. Mwaka 1890 kampuni ilimtuma Lugard Buganda, akafunga mkataba na Kabaka Mwanga. Hiyo ilikuwa kazi ya serikali, ila gharama zilibebwa na wenye hisa. Mizigo ilisafiri miezi kwa vichwa vya wapagazi, na pembe za ndovu hazikutosha kulipia safari hizo.

Mackinnon alitegemea kwamba serikali ingemsaidia baadaye. Msaada wa kutosha haukuja. Alifariki London Juni 1893. Mwaka 1895 serikali ilichukua eneo hilo, na kampuni ikalipwa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka kwenye fedha za Sultani, zilizolipwa na Wajerumani kwa pwani ya Tanganyika. Wenye hisa hawakupata gawio hata mara moja.

Ile kampuni ya meli, iliyoendeshwa kwa mikataba ya maandishi, iliendelea vizuri hadi kuungana na P&O mwaka 1914. Mwenye kampuni alikuwa mtu yule yule. Katika meli alitaka malipo yaandikwe kwanza. Katika siasa alitanguliza fedha, akasubiri shukrani. Mwenye duka au mwenyekiti wa ushirika anayeombwa kuchangia mambo ya wakubwa ajiulize kwanza: fedha hizi ni za nani, na ahadi imeandikwa wapi?